"Unasomea Kucheza?" Jibu kwa Mzazi Anayeuliza Kuhusu Shahada ya Burudani



Siku ya kwanza ya kila mwaka wa masomo mimi huingia darasani na bunda la karatasi nyeupe. Nawagawia wanafunzi moja moja, kisha naandika ubaoni swali moja: Kwa nini umekuja kusomea burudani? Hawaweki majina. Nawapa robo saa, nakusanya, na jioni nazisoma nyumbani hadi ya mwisho.

Mwaka mmoja nilikuta karatasi yenye mistari mitatu tu. Binti aliyeiandika alisema kwamba barua ya kumwita chuoni ilipofika, baba yake aliisoma mara mbili, akaikunja, akamwuliza: "Sasa mwanangu, majirani wakiniuliza, niwaambie unasomea kucheza?" Mstari wa tatu ulisema: "Bado sijapata jibu la kumpa."

Karatasi hiyo ninayo hadi leo. Mhadhara huu ni juhudi yangu ya kumtafutia binti yule jibu.

Simlaumu mzazi wake. Karo ya chuo ni mzigo, na aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome ana haki ya kuuliza ng'ombe wake amekwenda wapi. Isitoshe, amelelewa na methali isemayo kuwa kazi mbaya si mchezo mwema: afadhali kazi, hata ikiwa duni, kuliko mchezo, hata ukiwa mtamu. Kijana akitaja udaktari, mzazi huona koti jeupe. Akitaja uhandisi, huona kofia ngumu na daraja linalojengwa. Akitaja burudani, huona muziki, chupa mezani na mtoto anayerudi nyumbani alfajiri. Kazi yetu sisi tunaofundisha fani hii ni kumwonyesha picha nyingine, na mara nyingi hatuifanyi.

Sababu zilizomo kwenye karatasi

Nianze na ukweli ambao hatupendi kuusema hadharani. Wapo wanafunzi ambao hawakuichagua shahada hii kwa moyo. Hapa Kenya, aliyefaulu mtihani wa KCSE hujaza kozi anazozitaka, kisha KUCCPS, shirika linalowagawa wanafunzi vyuoni, hulinganisha alama zake na nafasi zilizopo. Aliyetamani famasia akapungukiwa na pointi kidogo anaweza kujikuta darasani kwangu. Huyo huandika: "Kompyuta ndiyo iliyonileta." Karatasi hizo sizifichi, wala siwadharau waliozijaza. Nimewaona wengi walioletwa na kompyuta wakabaki kwa hiari yao.

Kundi la pili ni wanamichezo. Yumo aliyekuwa nahodha wa shule, yumo aliyekimbia hadi mashindano ya kaunti, yumo aliyeumia goti akiwa kidato cha tatu na ndoto yake ikaishia pale. Hawa wanataka kubaki karibu na uwanja hata kama hawatauingia tena kwa miguu yao.

Kundi la tatu linatafuta riziki, na husema hivyo bila haya. Wameziona hoteli za Diani na Malindi, jimu zinazofunguliwa mjini, kambi za vijana na mbio za hisani, na wanajua kwamba kila kimojawapo kinahitaji mtu wa kukiendesha. Sababu hii ni halali kabisa. Anayesoma ili ale jasho lake haniombi msamaha.

Kundi la nne ni dogo, na karatasi zake ndizo huninyima usingizi. Hawa wameona pengo mahali walipokulia. Mmoja aliandika kwamba mtaani kwao vijana hawana pa kwenda jioni ila kibanda cha kubeti, na kaka yake alipoteza humo pesa za karo. Mwingine alikuwa na mdogo wake mwenye ulemavu wa miguu. Kila ulipofika wakati wa michezo shuleni, mtoto yule aliachwa darasani alinde mikoba ya wenzake. Dada yake aliandika: "Nataka kujua ni mchezo gani angeweza kucheza."

Swali la dada huyo lina historia ndefu. Mwaka 1944, daktari Ludwig Guttmann alianza kuongoza kitengo cha waliojeruhiwa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Wakati huo wengi waliona wagonjwa wa namna hiyo kama watu wa kulazwa na kungojea kifo. Guttmann aliwatia kwenye mazoezi na michezo kama sehemu ya tiba. Tarehe 29 Julai 1948, siku ambayo Olimpiki ilifunguliwa London, wagonjwa 16 walishindana kulenga shabaha kwa upinde kwenye uwanja wa hospitali ile. Kutoka hapo ndipo ilipoota michezo ya Paralimpiki, iliyofanyika kwa mara ya kwanza Roma mwaka 1960. Leo sehemu hii ya fani yetu inaitwa burudani ya tiba, na dada wa mtoto aliyelinda mikoba alikuwa ameifikia hata kabla ya kujua jina lake.

Maneno yetu yanajua

Wakati mwingine nadhani lugha yetu inaielewa fani hii kuliko sisi tunaoizungumza. Burudani ni ndugu wa baridi. Shina lao ni moja, na yote mawili tuliyapata kutoka Kiarabu. Anayetoka shambani jua la saa saba akanywa maji ya mtungi husema yamemburudisha, maana yake yamempoza. Starehe nayo asili yake ni kupumzika, ingawa tumeivuta mpaka imekuwa neno la kumsutia mtu anayetapanya mali. Na wasaa, tunaouita wakati usio na shughuli, kwa asili ni upana. Mwenye wasaa ni mtu ambaye siku yake imepanuka kidogo, akapata nafasi ya kugeuka.

Wagiriki wa kale waliuita wasaa wa namna hiyo *skole*. Kwao ulikuwa wakati wa mtu kujifunza na kufikiri kwa kuwa hakusukumwa na kazi. Neno hilo likaingia Kilatini, likafika Kijerumani, na Wajerumani walipotawala Tanganyika Waswahili wakalichukua: shule. Kwa hiyo mzazi anayemwambia mwanawe aache michezo aende shule analitamka, bila kujua, neno la wasaa.

Wakati, mahali na mwongozo

Pumziko la binadamu lina sheria zake. Kifungu cha 24 cha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, la mwaka 1948, kinampa kila mtu haki ya kupumzika na kuwa na wasaa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. Fundi wa jua kali na mama mboga hawaioni likizo hiyo, na hilo ni deni letu kubwa kama taifa. Lakini hata kwa wanaoipata, sheria imewapa wakati tu. Mtu anahitaji pia mahali pa kuutumia wakati huo, na mara nyingi anahitaji mwongozo.

Mahali pa kupumzikia hapa kwetu pamepiganiwa. Mwaka 1989 ulipotolewa mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi, mwanaharakati wa mazingira Profesa Wangari Maathai alisimama kuupinga. Alikejeliwa hadi bungeni, lakini jumba lile halikujengwa. Mwaka 1999 alipigwa na kuumizwa akienda kupanda miti katika msitu wa Karura, ambao ulikuwa unagawiwa wajenzi. Leo nendeni Karura siku ya Jumapili. Mtaona familia zimetandika mikeka, wazee wanatembea pole pole kwa sababu daktari amewaambia watembee, vijana wapo kwenye baiskeli. Tunamkumbuka Wangari kwa miti, na ni haki. Mimi humfundisha pia kama mtu aliyetulindia mahali pa kupumulia.

Januari 2015 zamu ikawa ya watoto. Wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirudi shuleni wakakuta ukuta umejengwa kwenye uwanja wao wa kuchezea. Walipouangusha, polisi waliwarushia vitoa machozi. Ulimwengu mzima ulizitazama picha za watoto wenye sare wakikimbia moshi. Uwanja ulirudishwa kwa shule. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate walau wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Watoto wale walikuwa wakizidai dakika zao.

Sasa tuulize: mahali hapa ni pa nani kupatunza? Jedwali la Nne la Katiba yetu ya mwaka 2010 linazikabidhi serikali za kaunti viwanja vya michezo, shughuli za utamaduni, bustani za umma, fuo na sehemu za burudani. Someni kipengele hicho kwa makini. Humo humo mtakuta kamari na leseni za pombe. Mstari mmoja wa Katiba umebeba uwanja wa mtoto na kibanda cha kubeti. Kaunti ziko 47, na katika kila moja pande hizi mbili hushindana. Kibanda kina mwenye pesa wa kukipigania, naye haachi kubisha mlango wa ofisi. Uwanja usipokuwa na mtu anayejua kuupangia bajeti, kuutetea kwa sheria na kuonyesha faida yake kwa takwimu, utashindwa ndani ya ofisi hiyo hiyo. Nataka mtu huyo awe mwanafunzi wetu.

Ndoo ya vigae

Mzazi atauliza: basi darasani mnafundisha nini? Nitawaonyesha kitu kimoja tu.

Katika mwaka wa pili tunawapeleka wanafunzi kwenye shule ya msingi kuendesha michezo ya alasiri. Hufika wamevaa fulana mpya, filimbi shingoni, mipira kwenye wavu. Wanadhani kazi huanza kwa kupuliza filimbi. Nawaambia waweke mipira chini, wajipange mstari mmoja wa bega kwa bega upana wote wa uwanja, watembee pole pole wakiangalia chini. Kila wachache wana ndoo.

Siku moja ndoo zilipokusanywa zilikuwa na vipande vya chupa, misumari yenye kutu, waya wa seng'enge, nyembe na sindano moja ya hospitali. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama kivulini akitutazama. Akaja akaniuliza, "Mwalimu, wanafunzi wako wamepoteza nini?" Kijana mmoja mrefu, mchezaji wa voliboli, akamfungulia kiganja. Mlikuwa na kigae cha chupa ya soda, ncha juu. Watoto wa shule ile wengi hucheza pekupeku. Hata wenye viatu huvivua visiharibike, maana ni hivyo hivyo vya kuendea kanisani.

"Wamekuwa wakicheza hapa siku zote?" yule kijana akauliza.

Mwalimu mkuu akanyamaza kidogo. "Muhula uliopita kuna mmoja alishonwa," akasema.

Baada ya ndoo huja vipimo: umbali kutoka goli hadi ukutani, mashimo ya kufukiwa, kivuli kilipo, maji ya kunywa, njia ya kumtolea aliyeumia. Wanahesabu watoto, wanauliza nani ana pumu, nani haoni vizuri, nani huachwa nje kila siku na kwa nini. Ndipo filimbi hulia. Nyuma ya saa hiyo moja ya mchezo kuna anatomia, fiziolojia ya mazoezi, saikolojia ya makuzi, huduma ya kwanza, bajeti na sheria. Mtoto haoni hata moja kati ya hayo. Yeye anaona mpira.

Maarifa hayo hayo ndiyo yanayohitajika pale watu wanapofika maelfu. Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa pamoja mashindano ya soka ya CHAN. Uwanja wa Kasarani ulishangilia mpaka ukatetemeka, lakini mashabiki wasio na tiketi walivamia milango, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikapunguza idadi ya watazamaji wanaoruhusiwa. Nchi hizo hizo tatu zilipewa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Kuna elimu ya kupanga mlango, foleni, njia ya wagonjwa na mahali pa mama mwenye mtoto mgongoni. Inafundishwa, na anayeijua huokoa maisha.

Mzee kwenye kiti

Nami nina karatasi yangu, ingawa sikuiandika wakati wa ujana. Baba yangu alifanya kazi ya reli kwa zaidi ya miaka 30. Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu aliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, akanyoa ndevu, akavaa viatu vyake vyeusi, akatoa kiti mlangoni akakaa kuitazama barabara. Mama akamwuliza, "Mzee, unamngoja nani?" Akajibu, "Sijui." Siku ya pili vivyo hivyo. Miezi ikapita akiwa pale. Akakonda, akawa mkali kwa wajukuu, tukadhani ni ugonjwa.

Aliyemwondoa kwenye kiti kile ni jirani mmoja, mtu wa pwani, aliyekuja jioni moja na ubao wa bao kwapani. Baba hakuwahi kucheza bao. Jirani hakumcheka. Alimwonyesha kwanza namna ya kushika kete, kisha namua, hatua ya kwanza ya mchezo, na baada ya wiki kadhaa akamwingiza kwenye mtaji, hatua ya pili. Walipokuwa wawili wakaja wa tatu na wa nne. Kabla ya mwaka kwisha baba alikuwa na saa yake ya kutoka, washindani wake, na watu wa kumtania. Viatu vyeusi vikarudi kuwa vya kanisani.

Jirani yule hakusoma chuo. Lakini miaka mingi baadaye, nikiwa naandaa somo la burudani kwa wazee, niligundua kwamba hatua ninazozifundisha ndizo alizozifuata: alimtambua aliyekwama, akachagua mchezo unaomfaa, akaanza na hatua nyepesi, akamwunganisha na wengine, kisha akampa nafasi ya kushinda. Zamani kazi hiyo ilifanywa na baraza, ngoma, unyago na shamba la ujima. Katika mtaa wa kupanga, ambako mtu hajui jina la jirani yake, nani atambishia hodi mzee wa namna ile? Tunahitaji watu ambao hodi hiyo ni kazi yao na wanalipwa kwa kuipiga.

Neno kwa anayetaka kuja

Wanafunzi, nisiwadanganye. Fani hii ina ugumu wake. Utafanya kazi Jumamosi, Jumapili na sikukuu, kwa sababu ndipo wenzako wanapopumzika. Waajiri wengine bado wanadhani mtu yeyote mwenye filimbi anaweza kuifanya, na watataka kukulipa kama wanavyodhani. Utaeleza shahada yako kwenye kila arusi na kila mazishi. Anayependa kucheza tu, ninamshauri acheze, asomee jambo lingine, na tutamkaribisha uwanjani jioni. Anayefaa kuja ni yule anayefurahi zaidi kumwona mwingine akicheza.

Milango nayo inafunguka. Chuo Kikuu cha Kenyatta kimeifundisha fani hii kwa miaka mingi. Nchini Uganda inafundishwa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Na sayansi ya michezo ina nafasi yake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hapa Kenya, mtaala wa umilisi umeiweka michezo na sanaa kuwa mojawapo ya njia tatu za shule ya upili ya juu, pamoja na sayansi na masomo ya jamii. Njia hiyo inahitaji walimu. Kaunti zinahitaji maafisa, hospitali zinahitaji wataalamu wa burudani ya tiba, na hata magereza na kambi za wakimbizi zina watu ambao siku yao ni ndefu na tupu.

Namalizia kwa baba wa yule binti, kama yumo humu au popote alipo. Mzee wangu, majirani wakikuuliza, usione aibu wala usitafute maneno makubwa. Waambie hivi: binti yangu anasomea kutembea uwanjani na ndoo, akiokota vigae, kabla watoto wenu hawajavua viatu. Akimaliza hapo atapita, bao kwapani, kwa mzee aliyekaa mlangoni peke yake.